Kasuku aliyekomaa hajachelewa kumzoea mtu mpya

Wengi huamini kasuku akishakuwa na umri mkubwa hawezi tena kumzoea mtu mpya, labda ashikwe kwa nguvu mpaka auzoee mkono. Si kweli. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu wa misitu ya Kongo, anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na katika umri wowote hujifunza nani wa kumwamini. Kinachomchelewesha ni hofu, na kumlazimisha kunaiongeza.

Tundu liegemee ukuta, ili asitokewe kwa nyuma. Siku za mwanzo kaa karibu tu, ongea taratibu, usimkodolee macho. Kisha tafuta anachokipenda, mara nyingi mbegu za alizeti. Ziondoe kwenye chakula chake cha kila siku, umpe moja moja kupitia vyuma vya tundu, dakika tano, mara mbili kwa siku.

Akibana manyoya, akirudi nyuma, au mboni zikipanuka na kusinyaa haraka haraka, ishia hapo hapo. Hapa ndipo watu huharibu: wanapuuza dalili, wanasogeza mkono, wanaumwa, ndipo wanaondoka. Ndege anajifunza kwamba kuuma ndiko kunakosikilizwa, na safari ijayo anauma bila kuonya.

Anayeogopa mikono afundishwe kwanza kupanda kwenye kijiti, mkono utafuata. Akikubali kuguswa, mkune kichwani na shingoni tu, kwa sababu kumpapasa mgongoni humwamshia hamu ya kupandana. Na parachichi usimpe hata kidogo, ni sumu kwake.