Ada ya taka: Dar es Salaam ilibinafsisha nini hasa?

Kila msimu wa bajeti za halmashauri unapofika, husikika hoja ileile kwamba manispaa haziwezi kuzoa taka zenyewe na kwamba sekta binafsi huifanya kazi hiyo kwa gharama nafuu zaidi. Kwa sisi tunaoshughulika na ugavi na usimamizi wa mikataba ya serikali za mitaa, hoja hiyo ina upungufu mkubwa, kwa sababu haisemi nani analipa, anamlipa nani, na nini hutokea asipolipa. Ninavyoona mimi, jijini Dar es Salaam halmashauri hazikununua huduma ya uzoaji taka kutoka kwa makampuni. Zilichofanya ni kuyapa makampuni haki ya kudai ada kwa wananchi, kisha zikaacha wajibu wa kufika kila mtaa ukielea bila mwenyewe.

Historia yake si ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa limeelemewa, magari mengi ya Halmashauri yakiwa mabovu na taka zikirundikana hadi katikati ya mji. Mwaka 1994 kata 10 za eneo la katikati zilikabidhiwa kampuni moja binafsi, ambayo ilipaswa kujilipa kwa kukusanya ada kutoka kwa wakazi na wafanyabiashara. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji, na mpango huo ukapanuliwa kwenda kata nyingine, wakiingizwa makandarasi wengi zaidi pamoja na vikundi vya kijamii. Hivyo maamuzi makubwa kuhusu huduma inayomgusa kila mkazi yalifanyika wakati jiji halina madiwani wa kuchaguliwa, na sijaona halmashauri zilizofuata zikikaa chini kuuhoji msingi wenyewe wa mpango huo. Wakazi wameongezeka hadi 5,383,728 kwa Sensa ya mwaka 2022, lakini hesabu ya mkandarasi ni ileile.

Hesabu hiyo ni rahisi kuifuata. Mapato ya mkandarasi ni ada anayoweza kuikusanya, na gharama zake kubwa ni mafuta, matengenezo ya gari, vibarua, na safari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako hulipia pia kumwaga mzigo. Kila safari anayoikwepa ni faida kwake. Katika mtaa wenye barabara pana, nyumba zenye mageti na wakazi wanaolipa bila kusukumwa, kenta moja hujaa kwa muda mfupi na ada ya mwezi hukusanywa mchana mmoja. Katika mitaa ya Tandale, Manzese au Vingunguti gari haliingii. Taka hutolewa kwa toroli au guta hadi kwenye kizimba, yaani mahali pa kukusanyia taka zikisubiri gari, nyumba moja ina vyumba vya wapangaji wengi, mwenye nyumba haishi hapo, na mkusanya ada mwenye kitabu cha stakabadhi hugonga milango ambayo wenyewe wamekwenda kutafuta riziki. Mkandarasi mwenye akili timamu atapunguza ratiba katika mitaa hiyo, kutoka mara mbili kwa wiki hadi mara moja, kisha hadi pale mwenyekiti wa mtaa atakapopiga simu kulalamika. Simlaumu sana, kwa kuwa mkataba wenyewe ndio unaomwelekeza huko.

Kizimba kikifurika, taka huanza kuteremka. Mvua za masika zikinyesha, wakazi wa mabondeni huzitoa taka zao majini, nazo hufuata mifereji hadi Mto Msimbazi na Jangwani, ambako fedha za umma hutumika tena kuzibua kile ambacho fedha za umma zilikataa kukizoa. Kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 kilikuwa na sababu zaidi ya moja, yakiwemo maji na vyoo, lakini hakuna mtaalamu wa afya atakayekuambia kwamba mifereji iliyozibwa na taka haihusiki. Gharama za matibabu, za kuzibua mitaro na za siku ambazo mama lishe hakufungua biashara hazionekani popote katika ulinganisho unaodai kuwa ubinafsishaji ni nafuu.

Hazionekani pia gharama wanazobebeshwa wafanyakazi. Wanawake wanaofagia barabara kuu alfajiri, wengi wao wakiwa vibarua wa kutwa, mara nyingi hawana mkataba wa maandishi wala michango ya hifadhi ya jamii. Zabuni inaposhindaniwa kwa bei ya chini peke yake, mahali pa kwanza pa kupunguza ni posho ya mfagiaji, glovu zake na buti zake. Unafuu huo umetoka mfukoni mwa mtu maskini kuliko wote katika mnyororo mzima, na halmashauri inapoutangaza kama mafanikio ya usimamizi bora wa fedha, mimi huona aibu kwa niaba ya taaluma yangu.

Mfano wa maji ungetosha kutufunza. Agosti 2003 kampuni ya City Water, yenye wanahisa kutoka Uingereza, Ujerumani na hapa nchini, ilianza kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya umma ya maji ya jiji. Ukarabati wa miundombinu uligharamiwa kwa mikopo ya mashirika ya kimataifa, inayozidi dola milioni 140, ambayo mdaiwa wake alikuwa umma. Kampuni ilishindwa kukusanya mapato iliyotarajia, ikaacha kulipa ada ya kukodi mtandao wa maji, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Mashauri yaliyofuata yalichukua miaka, na uamuzi wa Julai 2008 ulisema kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji lakini haipaswi kulipa fidia yoyote. Tulishinda kwa maana hiyo, ila wakazi wa Mbagala waliendelea kununua maji kwa madumu. Mwekezaji akishindwa huondoka, na deni la mabomba hubaki.

Watetezi wa mfumo wa sasa huuliza fedha zitoke wapi. Swali hilo ni halali, na jibu lake limo katika kodi ya majengo. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi hiyo uliondolewa mikononi mwa halmashauri na kupelekwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia. Mwaka 2023 kiwango kilipanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa kutoka 60,000 hadi 90,000 kwa kila sakafu. Nyumba ya chini yenye bustani kubwa Oysterbay inalipa sawa na nyumba ya chini ya Buguruni, ingawa thamani zake hazikaribiani hata kidogo. Zaidi ya hapo, anayenunua umeme katika nyumba nyingi ni mpangaji, kwa hiyo kodi ya mali humwangukia asiye na mali. Kodi inayofuata thamani ya jengo, ikirudishwa katika bajeti ya halmashauri, ingeweza kubeba sehemu kubwa ya gharama za usafi bila kumfuata mama muuza vitumbua mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Nakubali kwamba magari ya Halmashauri ya zamani yalikufa kwa kukosa vipuri na kwamba wizi wa mafuta ulikuwepo. Hata hivyo, ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeonyesha mara kwa mara mawakala binafsi wa mapato katika halmashauri mbalimbali wasiowasilisha makusanyo yao, kwa hiyo wizi haukuondoka kwa kubadilisha mwajiri. Unapungua pale tu hesabu zinapoonekana na wanaozikagua wana mamlaka.

Ninachopendekeza ni kwamba mkandarasi alipwe na halmashauri kwa kizimba kilichosafishwa, malipo yasitoke mpaka serikali ya mtaa ithibitishe kwa maandishi, na mishahara na vifaa vya wafagiaji viandikwe kama masharti ya zabuni yasiyoweza kupunguzwa. Halmashauri ibaki na magari yake na iendeshe angalau kata chache yenyewe, kwa sababu asiyejua gharama halisi ya safari moja ya Pugu hana namna ya kujua kama ameuziwa kwa haki. Mkataba, ratiba na bei vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Hakuna kati ya hayo linalohitaji sheria mpya, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari imeziwekea mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na diwani anaweza kuanza kwa kuomba nakala ya mkataba wa mkandarasi wa kata yake iwekwe mezani kabla bajeti haijapitishwa.