Taa za Kuchomoza: Mota Husingiziwa Mengi

Magari ya zamani ambayo taa zake za mbele hulala kwenye boneti na kuinuliwa na mota, kama Celica, MR2, Prelude na MX-5, bado huonekana mojamoja Nakuru na Kisumu. Taa moja ikigoma kuinuka, gari hubaki limekonyeza jicho, na kila mpita njia anageuka fundi. Haya ndiyo utakayoambiwa.

“Taa haiinuki? Mota imekufa.”

Dhana hii ndiyo inayokula pesa za watu. Kabla ya kwenda kusaka mota ya mtumba, fuata njia ya umeme. Zikilala zote mbili, anza na fyuzi, kisha relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi unayobonyeza. Ikilala moja, kagua upande huo: plagi, waya wa athi unaofungwa kwenye bodi, halafu mota yenyewe. Kama relei za kushoto na kulia ni za aina moja, zibadilishe nafasi. Hitilafu ikihamia upande wa pili, umemshika mwizi bila kutoa hata shilingi.

Kisha pima kwenye plagi ya mota huku mwenzako akibonyeza swichi. Volti 12 zikifika, athi ikiwa nzima, na mota bado imenyamaza, hapo ilaumu.

Hata hivyo, ifungue kwanza. Kwenye MX-5 za kizazi cha kwanza mota huzunguka upande mmoja tu: nusu mzunguko wa mkono wake huinua taa, nusu ya pili huishusha, na vigusio vya ndani hukata umeme taa inapofika mwisho. Vikishika uchafu au kutu, taa husimama katikati, au hupanda na kushuka bila kutulia. Ugonjwa huo huenda ukapona kwa kusafishwa tu, na anayekimbilia kukuuzia mota nzima muulize kama ameifungua.

“Iinue kwa mkono, itaamka.”

Itaamka ikiwa imepinda. Gia za mota huzuia taa isisukumwe kutoka nje, kwa hiyo nguvu zako zinaishia kwenye vyuma vya kuinulia. Chomoa fyuzi ya mota au waya wa betri, maana mota ikishtuka inabana vidole. Kisha tafuta kitasa kidogo kwenye mota, mara nyingi kimefunikwa kwa mpira, ukizungushe kufuata mshale. Utazungusha sana, usikate tamaa.

“Kisumu taa huozeshwa na chumvi ya ziwa.”

Chumvi ipi? Victoria ni ziwa la maji baridi. Adui ni unyevu, na zaidi ya hapo maji ya presha yanayoelekezwa ndani ya boneti gari linapooshwa. Nakuru shida ni vumbi: ukimwagia bawaba oili ya injini, vumbi hunata na kugeuka msasa. Safisha kwanza, kausha, ndipo upake grisi kidogo.

“Mwanga ukififia, weka balbu ya wati 100.”

Balbu ya kawaida ya wati 60 hula ampea 5 hivi. Ya wati 100 hula zaidi ya 8, na joto linalopotea ndani ya waya huongezeka karibu mara tatu. Waya hizo ni kuukuu, tena hujikunja kila taa inapopanda, kwa hiyo huweza kukatika ndani huku ganda likionekana zima. Taa ikizimika ukigonga shimo na kuwaka ukigonga lingine, shuku hapo kwanza.

“Hazifai barabara zetu, ndiyo maana zikapigwa marufuku.”

Björn Waldegård mwaka 1990, na Ian Duncan wetu mwaka 1994, walishinda mbio za magari za Safari Rally kwa Celica za taa hizihizi (wakiwa na kikosi cha mafundi, lakini haidhuru). Marufuku pia haikuwapo. Kanuni za kuwalinda waendao kwa miguu ndizo zilizofanya iwe vigumu kubuni magari mapya yenye taa hizi, na Lotus Esprit na Corvette C5 zikawa za mwisho kutengenezwa kwa wingi, mwaka 2004.

Ukikwama usiku Mau Summit kwenye ukungu, ziinue kwa kitasa na uiache fyuzi ya mota nje ili zisishuke. Kwenye MX-5 balbu zina fyuzi yake, kwa hiyo zitaendelea kuwaka. Kwa gari lingine, soma kwanza kifuniko cha sanduku la fyuzi.