Nyundo ya maji: kwa nini vali ya bwawa la umeme haifungwi kwa pupa

Umewahi kufunga koki kwa haraka ukasikia bomba likigonga ukutani? Hiyo ndiyo nyundo ya maji: shinikizo linaloruka ghafla maji yaliyokuwa mbioni yanapozuiwa. Kwenye mtambo wa umeme, bomba linaloteremsha maji kutoka bwawani hadi kwenye turbini, gurudumu linalozungushwa na maji ili kuzalisha umeme, limebeba tani kwa tani za maji, na mzigo huo hausimami kwa kuambiwa.

Maji yakigota kwenye vali, shinikizo hurudi juu kama wimbi, mita 1,000 hivi kwa sekunde katika bomba la chuma. Kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo iliyokatwa ghafla huongeza shinikizo la nguzo ya maji yenye kimo cha mita 100. Maji yanayokwenda mita 4 kwa sekunde yataongeza mita 400, juu ya shinikizo lililokuwepo.

Na "ghafla" ina kipimo chake: ni kufunga kabla wimbi halijapanda hadi juu na kurudi. Kwa bomba la mita 1,000 ni sekunde 2 tu. Ukifunga ndani ya muda huo, ni sawa na kufunga papo hapo.

Kasheshe huja gridi, yaani mtandao wa nyaya unaopokea umeme, inapokatika. Turbini iliyopoteza mzigo wa umeme huanza kuzunguka kama pia. Yenyewe inataka maji yakatwe upesi, bomba linataka polepole. Turbini ya Pelton, ile inayopigwa na mchirizi wa maji kutoka kwenye pua ya bomba, huponea kwenye kibamba kinachokinga mchirizi huo na kuupeleka pembeni, huku pua ikifungwa taratibu. Penye handaki refu la kuleta maji hadi kwenye bomba huchimbwa shimo la wima lililo wazi juu, karibu na mwanzo wa mteremko. Maji yaliyokosa njia hupanda humo, yakashuka, yakapanda tena mpaka yachoke. Mimi huupenda ujanja huu, kwani hauna chuma cha kukwama.

Shinikizo kushuka nako ni hatari. Mwaka 1950, kituoni Oigawa, Japani, mafuta ya kuendeshea vali yalitolewa wakati wa matengenezo. Vali ikajifunga haraka, bomba likapasuka. Maji yalipofoka, sehemu ya juu ilibaki na ombwe na hewa ya nje ikaliponda bomba. Watu 3 walikufa. Ndiyo sababu juu ya bomba huwekwa vali za hewa, zinazojifungua shinikizo la ndani likishuka kuliko la nje, bomba likavuta pumzi.