Kloni katika LPC ni nini?

LPC ni lugha ya programu iliyozaliwa na LPMud, mchezo wa maandishi ulioanzishwa na Lars Pensjö huko Sweden mwaka 1989. Hauna picha. Unaandika unachotaka kufanya, seva inakujibu kwa maneno. Kila kilichomo, kiwe chumba, mlinzi au upanga, kimeandikwa kwenye faili.

Tuseme umeandika faili la mwenge, na wachezaji ishirini wanahitaji mwenge kila mmoja. Mstari mmoja unatosha:

clone_object("/obj/mwenge");

Kinachotoka ndicho kloni. Wengi huiita nakala, na hapo ndipo wanapopotea, maana nakala tuliyoizoea ni ya fotokopi: karatasi ikiwa na doa, na nakala inatoka na doa. Kloni ni kama tofali. Faili ni kalibu, clone_object ni kufyatua. Mwenge ulio mkononi mwako ukiwa umeungua nusu, utakaoufyatua sasa utatoka mzima. Umetoka kwenye kalibu, si kwenye mwenge wako.

Kila kloni ina vigeu vyake, yaani thamani zinazoweza kubadilika, kwa hiyo huu unawaka na ule umezimika. Kodi, yaani maagizo ya programu, wanaitumia kwa pamoja, hivyo kumbukumbu ya seva hailemewi. Majina hutofautiana kwa namba: /obj/mwenge#14, /obj/mwenge#15.

Ukirekebisha kalibu leo, matofali ya jana hayabadiliki. Mtu anasahihisha kosa kwenye faili la upanga, analipakia upya, anajaribu upanga alioushika: kosa lile lile. Anasahihisha tena, anatukana kompyuta. Kumbe upanga ulifyatuliwa kabla ya marekebisho, na bado unaendesha kodi ya zamani.

Balaa jingine liko kwenye reset, fanksheni (kipande cha kodi chenye jina) ambayo seva huiita kila baada ya muda ili chumba kirudi kilivyokuwa. Ukifyatua mlinzi humo bila kuuliza kama wa mwanzo bado yupo, baada ya saa kadhaa utakuta walinzi wamejazana mlangoni, jina moja, sura moja. Andika hivi:

if (!mlinzi) {
  mlinzi = clone_object("/npc/mlinzi");
  move_object(mlinzi, this_object());
}

Mstari wa move_object usiusahau, kwani kloni ikizaliwa haiko popote mpaka uipeleke mahali; hapa this_object() ni chumba chenyewe. Mlinzi akiuawa na kufutwa, kigeu cha mlinzi kinarudi sifuri chenyewe, na reset ijayo inaleta mwingine.