Fedha za chui milia zianzie zizini

Ombi la fedha za kumhifadhi chui milia likifika mezani kwangu, kwanza natafuta fungu la wanakijiji kwenye bajeti. Mara nyingi nakuta semina mbili, vipeperushi na mizinga michache ya nyuki. Fedha nyingine zote zimekwenda kwenye kamera, magari na askari. Askari ni wa lazima, majangili wapo. Lakini anayelala jirani na chui milia ni mkulima, na yeye kapewa semina.

Nepal ilihesabu chui milia 121 mwaka 2009, na mwaka 2022 ikahesabu 355. Mafanikio hayo yalitanguliwa na uamuzi wa kifedha: tangu sheria ya hifadhi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1993, kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka. Naupenda utaratibu huu, ila una tundu kubwa. Watalii humiminika hifadhi ya Chitwan. Bardia, hifadhi nyingine iliyo magharibi zaidi, hupata wachache, ingawa chui milia wake walitoka 18 hadi 125 katika miaka hiyo hiyo. Wenye chui wengi mlangoni wanapata fungu dogo. Kisha mwaka 2020 korona ikafunga mipaka, na hata Chitwan ikakosa wageni. Ndiyo maana siafiki mradi unaotegemea viingilio peke yake.

Sasa twende zizini. Wengi wanaoshambuliwa huwa wameingia msituni kukata majani ya mifugo au kuokota kuni. Mtambo wa biogesi unapunguza safari hizo: mama anapikia gesi ya samadi, na kwa kuwa samadi inatakiwa karibu na nyumba, ng'ombe hufungwa badala ya kuzurura msituni. Nyasi za msituni zinabaki kwa swala na kulungu, ambao ndio riziki ya chui milia. Lakini ng'ombe wa zizini naye anakula. Mradi ukijenga mtambo ukasahau mbegu za malisho ya kupanda shambani, mama yule yule atarudi msituni na mundu wake. Nimeona bajeti nyingi zikiteleza hapo.

Bardia wako wakulima waliogeukia mnanaa na kamomili, mimea ambayo wanyamapori hawaipendi, wakauza mafuta yake. Hapo mfadhili anunue mtambo wa kukeneka mafuta na kusaidia kupata mnunuzi wa kudumu. Miche peke yake haitoshi.

Na kuna malipo ya hasara inayoletwa na wanyamapori, yale ambayo Tanzania huitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Nepal inayo pia, lakini kwa nchi nyingi zenye wanyama hawa fedha huchelewa kwa sababu ya fomu na mihuri. Ucheleweshaji huo unaua. Chui milia mara nyingi hurudi kumalizia ng'ombe aliyemuua, na mwenye ng'ombe aliyekata tamaa ya kulipwa anaweza kuutia mzoga sumu kwa urahisi. Kwa hiyo nawaambia waombaji watenge mfuko unaokaa kijijini kwenyewe, wenye fedha tayari na kamati inayojulikana, ili mwenye ng'ombe awe na uhakika wa kulipwa kabla chui hajarudi kwenye mzoga.