Mwandishi wa nje, wa kigeni, au wa kimataifa?

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye sendofu ya binti wa jirani. Ulipofika wakati wa kutambulisha ndugu, mshereheshaji akamwita mbele binamu yake bibi harusi kwa mbwembwe zote: "Mwandishi wa habari wa kimataifa!" Ukumbi mzima vigelegele. Dada huyo namfahamu. Anasoma habari za dunia usiku kwenye kituo kimoja cha televisheni hapa Dar es Salaam, na anazisoma vizuri, majina ya Kirusi hayamtoi jasho. Ila kuvuka Namanga hajavuka bado.

Najua "kimataifa" siku hizi ni kama marashi, kila mtu anajipaka. Mwanamuziki akiimba Kampala usiku mmoja ni wa kimataifa, na hata kinyozi wa mtaani kwetu ameandika hivyo ukutani. Huko sina ugomvi. Kwenye habari, lakini, kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao hasa, na kazi yao inamezwa na sifa ya mtu mwingine.

Maana yenyewe haina makuu. Mwandishi wa nje ni mtu aliyetumwa na chombo chake akaishi katika nchi nyingine, atafute habari za huko na kuzirudisha kwa watu wa nyumbani. Wa televisheni hufanya hivyo mbele ya kamera, akiwa na mpiga picha na mara nyingi mwenyeji anayejua lugha, njia, na nani wa kuombwa kibali. Basi.

Kinachotuvuruga ni herufi moja ya sarufi. Ukisema "mwandishi wa habari za nje", hiyo "za" inafuata habari. Habari ndizo za nje. Mwandishi anaweza kuwa amekaa Mikocheni chini ya kiyoyozi akitafsiri taarifa za shirika la habari la Reuters. Ukisema "mwandishi wa habari wa nje", "wa" inamfuata mwandishi, yeye ndiye wa nje. Nje ya wapi, sasa? Mlinzi akitangaza mlangoni kwamba waandishi wa nje wasubiri, kila mtu anaelewa ni wageni, wasio wa hapa. "Mwandishi wa kigeni" ndiyo kabisa, maana ugeni uko kwenye jicho la anayetazama. Mwingereza wa BBC akiwa Nairobi ni mgeni kwa Mkenya, lakini kwa waliomtuma ni mtu wao.

Wenzetu walikwepa mtego huu kwa sababu majina yao hayakuanzia kwenye ugeni. Yalianzia kwenye barua. Kiingereza kinamwita correspondent, yaani mtu mnayeandikiana. Zamani gazeti la London lilikuwa na mtu wake aliyeko mbali, naye alituma barua kama vile mwana anavyomwandikia mzazi, na gazeti likaichapa. William Howard Russell wa The Times aliandika hivyo kutoka vita vya Crimea, kuanzia 1854. Telegrafu, yaani simu ya maandishi ipitayo kwenye waya, ilipoenea barua ziligeuka mbio. Mwaka 1868 Henry Morton Stanley, huyuhuyu wa Ujiji, alikuwa Uhabeshi kwa niaba ya gazeti la New York Herald. Kabla ya safari alikuwa amemhonga karani wa simu wa Suez ili taarifa yake itangulie za wengine. Ikatangulia kweli, kisha waya wa chini ya bahari ukakatika, wenzake wakabaki na karatasi mkononi. Alipokuja kumtafuta Livingstone, wakakutana Ujiji mwaka 1871, kazi ilikuwa ileile: gazeti limemtuma, gazeti linasubiri barua. Sisi tunamkumbuka kama mpelelezi wa nchi. Kwenye daftari la mishahara alikuwa mwandishi wa nje.

Kiarabu kimefika palepale kwa njia yake. Mtu wa Al Jazeera aliyeko Gaza au Khartoum huitwa murasil, mwenye kupelekeana ujumbe. Asili yake ni moja na "risala" yetu, na ya "rasuli" wa kwenye kasida. Kiswahili kilipokea risala, kikaifanya ile karatasi ndefu inayosomwa mbele ya mgeni rasmi huku watu wakisinzia. Murasil mwenyewe hatukumchukua. Nasikitika kidogo, angetufaa.

Tulichonacho ni "mwandishi", kutoka kuandika. Na kuandika, kabla ya kalamu, kulikuwa kupanga vitu mahali pake: mtu aliandika meza kwa chakula, jemadari aliandika askari. Kenya mpaka leo mtu aliyepata ajira wanasema ameandikwa kazi. Neno zuri, ila halisemi lolote kuhusu kuwa mbali wala kuwa na mtu anayekusubiri upande wa pili. Ndiyo maana redio zikalisaidia kwa neno dogo ambalo sisi tuliokulia kwenye idhaa za Kiswahili za BBC na Sauti ya Ujerumani tunalijua kwa sikio: "mwandishi *wetu* aliyeko Kampala". Hapo kila kitu kimo. Yuko Kampala, lakini ni wetu. Hicho si cheo cha mtu, ni uhusiano wake na waliomtuma. Hakuna anayeweza kuwa mwandishi wa nje peke yake, kama ambavyo hakuna anayekuwa mkwe peke yake.

Chukua picha za njaa ya Ethiopia ambazo BBC ilizirusha Oktoba 1984, zile za kambi ya Korem. Watu wawili wanatajwa daima. Michael Buerk alikuwa ametumwa na BBC mwaka 1983 kuishi Johannesburg, na kutoka huko akaripoti nchi nyingi za kusini, mpaka serikali ya makaburu ilipomfukuza mwaka 1987. Huyo ni mwandishi wa nje bila ubishi. Aliporudi London akakaa studio akisoma habari, na hakuna Mwingereza aliyeendelea kumwita mwandishi wa nje. Kazi ilibadilika, jina likabadilika, heshima ikabaki.

Aliyeshika kamera ni Mohamed Amin (hana udugu na Idi). Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akapiga picha za mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, na baadaye akawa mtu wa Visnews, shirika lililouza picha za habari kwa vituo vya dunia nzima. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini. Alipoteza mkono wa kushoto, na fundi wake wa sauti, John Mathai, akafa palepale. Amin alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilipotekwa ikaishiwa mafuta na kuangukia bahari ya Ngazija. Mara kwa mara nasoma kwamba alikuwa "mwandishi wa kigeni maarufu". Mgeni wa wapi, mtu aliyekuwa nyumbani Afrika Mashariki maisha yake yote? Alikuwa mpiga picha wa habari, tena kwa maoni yangu aliwapita wengi wa waliotumwa. Ukimwita kwa jina la kazi ya Buerk humwongezei kitu.

Njia ya kazi hii kwenye televisheni kwa kawaida huanzia nyumbani, kwenye mahakama, mikutano ya halmashauri na ajali za barabarani. Mtu akiaminika hutumwa, hukaa miaka michache, huhamishwa. Zamani filamu ilifungwa kwenye kopo, na kama ndege ya mizigo haipo, aliombwa abiria yeyote mwenye sura ya uaminifu aibebe. Setilaiti iliondoa makopo, ikaleta taabu nyingine: mhariri wa nyumbani anamtaka mtu mubashara kila saa, na aliyesimama juu ya paa la hoteli siku nzima hapati muda wa kwenda kutafuta habari anayoiripoti. Wapo pia wanaotua kwa siku nne na kuondoka. Hao ni waandishi maalumu. Hawajaishi pale.

Baada ya chakula nilimkuta yule dada mezani, nikamtania kuhusu utambulisho wake. Akacheka. "Kaka, hata mimi niliona aibu. Mimi husema tu 'mwandishi wetu aliyeko Goma ana taarifa zaidi', halafu namsubiri atokee."

"Basi huyo wa Goma ndiye mwandishi wa nje."

"Lakini yule kazaliwa hukohuko Goma."

Hapo akanibana. Vituo vingi sasa vinaajiri wenyeji badala ya kutuma watu, jambo la busara na la gharama nafuu, na huyo ni mwandishi wetu wa Goma kwa haki yote, ila neno "nje" halimkai. Nilikubali.

Mshereheshaji alikuwa jirani yetu akimalizia pilau, akauliza amtambulishe vipi siku ya harusi yenyewe. Nikamwambia aseme mtangazaji wa habari za dunia. "Za," nikarudia, maana muziki ulikuwa juu, "siyo wa."