Je, wajua kwa nini faili la PID si ushahidi kwamba programu iko hai?

Kompyuta ina programu zinazofanya kazi kimyakimya, bila dirisha wala kitufe: ya kutunza saa, ya kuchapisha, ya kupokea barua pepe. Huitwa dimoni, jina lililoanzia kwa mafundi wa MIT, chuo cha Marekani, miaka ya 1960, na halimaanishi mapepo wabaya. Nyingi zikiamka huandika namba yao ya utambulisho, yaani PID, kwenye faili dogo ndani ya /run, folda ya mfumo wa Linux. Dogo kwelikweli: dimoni namba 25 huacha herufi tatu tu, yaani mbili, tano na alama ya mstari mpya.

Je, faili likiwepo, dimoni ipo?

Kwa muda mrefu nilijibu ndiyo. Nilikuwa nimeandika kwa lugha ya C dimoni ya kusoma mzani wa kielektroniki kwenye ghala la viazi Uyole, hapa Mbeya. Ikiamka, cha kwanza iliangalia kama faili lipo, likiwepo, inatoka. Mvua zikaja, umeme ukakatika usiku. Dimoni iliyokatiwa umeme haipati nafasi ya kufuta kitu. Tena faili nililiweka kwenye folda ya kawaida, maana sikujua kwamba /run hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na huwa tupu kila mashine inapowashwa. Asubuhi magunia yamepangwa, wapakiaji wamejikunyata kwenye makoti, na programu inajibu kwa adabu: "Tayari ninafanya kazi."

Nikasahihisha kosa kwa kosa. Safari hii nilisoma namba iliyomo na kuijaribu kwa kill(pid, 0), wito wa kuitumia programu ishara. Jina linatisha, lakini ishara namba 0 haiui. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, huangalia tu kama namba ina mwenyewe na kama una ruhusa naye. Jibu likiwa kosa la ESRCH, maana yake hayupo. EPERM maana yake yupo ila si wa kwako, na hii nayo niliisoma vibaya nikadhani hayupo. Umeme ukakatika tena. Namba iliyobaki kwenye faili, 812, ikaangukia hifadhidata. Dimoni ikakataa kuamka. Nikaendesha skripti yangu ya kuizima, nayo ikasoma namba ileile na kuizima hifadhidata. Kwa ufanisi mkubwa, lazima nikiri.

Namba hizi hutumika tena. Kikomo cha kawaida cha Linux kilikuwa 32,768, na mashine za biti 64 zinaweza kufika 4,194,304, kisha hesabu hurudi chini. Kupandisha kikomo hakukusaidii sana baada ya kuwasha upya: hesabu huanza mwanzo, na programu zinazoamka pamoja na mashine huangukia namba zilezile au za jirani.

Fikiria gesti ya Mwanjelwa. Daftari linasema mgeni yuko chumba namba 7. Alfajiri kadamka kuwahi basi la Dar, hakuaga. Daftari ndilo faili letu. Ukibisha hodi, sauti inaitika "karibu". Hiyo ndiyo kill. Lakini sauti haikuambii kama ni mgeni yule au aliyeingia baada yake. Sasa achana na daftari, sukuma mlango. Komeo la ndani hufungwa na aliyemo tu. Mlango ukigoma, yumo. Ukifunguka, unaingia na kukomea papo hapo, hakuna wa kukuwahi katikati. Na mgeni akizimia humo, mwenye gesti hulifungua komeo mwenyewe, hahitaji kuagwa.

Mwenye gesti ni keneli, na komeo ni flock, wito wa kulifunga faili. Unafungua faili kwa open, unaomba flock yenye LOCK_EX (komeo la mmoja tu) na LOCK_NB (usisubiri foleni). Ikikataliwa, mwenzako yupo hai. Ukiipata, faili huliachi wazi kwa bahati mbaya, unaliacha wazi makusudi hadi mwisho wa uhai wako. Mchakato, yaani programu iliyo kazini, ukifa kwa namna yoyote, keneli huachia komeo, isipokuwa kama kuna mtoto, yaani mchakato uliozaliwa nao, aliyerithi faili hilo likiwa wazi. O_CLOEXEC, alama unayoipa open, huzuia hilo kwa programu unazozianzisha kwa exec, wito wa kuendesha programu nyingine. Komeo hili ni la hiari: programu isiyouliza inaweza kuandika juu ya faili bila kuzuiwa. Na kwenye folda za mtandao tabia yake hutegemea mpangilio, mimi nisingeliamini huko.

Ukitumia fcntl, komeo la aina nyingine, badala ya flock, omba komeo baada ya fork ya mwisho, yaani mchakato unapozaa mtoto, maana mtoto halirithi. PID nayo iandikwe hapo, la sivyo utaandika ya mzazi anayeondoka. Na kabla ya kuandika, ita ftruncate ili kufuta yaliyomo. Faili lililokuwa na 10482 ukiliandikia 977 juu yake bila mstari mpya, litasomeka 97782, namba isiyo ya yeyote kati yenu.

Kufuta faili wakati wa kuzima huonekana ni usafi, lakini komeo hukaa kwenye faili lenyewe, si kwenye jina lake. Mtu mmoja ghalani aliwahi kulifuta dimoni ikiwa hai, kisha akaanzisha nyingine. Ya pili ikaunda faili jipya lenye jina lilelile na kulikomea bila pingamizi. Dimoni mbili zikasoma mzani mmoja, kila moja ikinyakua tarakimu iliyoiwahi. Gunia la kilo 98 likaandikwa 9 huku, 8 kule.